UZI: Besmenti ya nyumba ya wazee Tudor twataka kuigeuza vyumba vya kuishi, na haya maji ya ukutani yatoka wapi?

MtotoWaTudor:
Asalam aleikum wanajamvi, hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu wanaojua manake hapa nyumbani kila mtu ana lake. Nyumba ni ya wazee, iko Tudor, Mombasa, upande wa kuteremkia kriki (ule mkono wa bahari), kiwanja kina mteremko kwa hivyo ukitoka barabarani waingia moja kwa moja sebuleni, lakini ukizunguka nyuma wakuta kuna pahali pakubwa chini ya nyumba, sie twapaita besmenti. Upande wa kriki pako wazi, pana mlango na vidirisha viwili, upande wa barabarani ukuta wote umezikwa na udongo mpaka karibu na slabu, lile zege la sakafu ya juu. Miaka yote pamekuwa stoo, magodoro mabovu, mabati, baiskeli, kila kitu.

Sasa mdogo wangu aoa inshallah Mfunguo Mosi na kodi za nyumba mwazijua zilivyo, tukaona badala ya kwenda kupanga Bamburi huko kila asubuhi yuko kwenye foleni ya daraja la Nyali, apate vyumba viwili na choo hapo chini, mlango wake mwenyewe, na mama yuko juu yao. Mama tangu asikie hilo hana usingizi kwa furaha.

Fundi alikuja kuangalia akasema kazi ndogo, apige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, jipsamu ukutani na juu, tailsi chini, wiki tatu watu wahamie. Mimi moyo haujatulia. Ule ukuta wa nyuma rangi imebambuka yote kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, kuna unga mweupe ukipitisha mkono wabaki nao, na hata saa hii ni kaskazi mvua hakuna lakini ukigusa ukuta una baridi na unyevu. Urefu kutoka sakafuni mpaka slabu ni futi 7 na inchi kama 4 hivi. Je patakalika au twaenda kutupa pesa? Na hayo maji yatoka wapi ikiwa mvua haijanyesha?

Kibokoni_Kwetu:
Jipsamu hapana ndugu yangu. Chochote utakachofanya lakini jipsamu kwenye ukuta wenye unyevu hapana.

BintiKizingo:
Naunga mkono hapo juu. Nimewahi kukaa nyumba ya chini Kizingo, mwenye nyumba alikuwa ameipamba kweli, ukutani jipsamu, makabati ya MDF jikoni, tulihamia mwezi wa kwanza pakavu kabisa panang'aa. Kufika mwezi wa tano makabati yamefura milango haifungi, nguo za kabatini zina ukungu, viatu vya ngozi vimeota kijani, na mtoto kifua usiku kucha. Tulipobomoa kipande cha jipsamu kuangalia nyuma yake kulikuwa kumeoza kote na ukuta wenyewe unatiririka. Sasa uzuri wa jipsamu ndio ubaya wake, yakuficha usione mpaka maji yashamaliza kazi. Mdogo wako ataingia na bibi harusi na inshallah mtoto baadae, tafadhali usifanye haraka.

Injinia_Mstaafu:
Kijana wangu, swali lako la mwisho ndilo lingekuwa la kwanza. Usinunue hata mfuko mmoja wa simenti kabla hujajua maji yatoka wapi, manake kila chanzo kina dawa yake na dawa ya hiki haitibu kile.

Hapa Mombasa ukuta uliozikwa hupata maji kwa njia nne. Ya kwanza ni mvua inayoteremka na mteremko ikapiga nyuma ya ukuta ikakosa pa kutokea. Ya pili ni maji ya ardhini yanayopanda na kushuka na bahari, hii huwapata walio chini kabisa karibu na pwani. Ya tatu ni vitu vyetu wenyewe tulivyofukia, tangi la maji, septiki, paipu. Ya nne ni hewa, hewa yetu imebeba maji mengi na ikigusa kitu baridi hutoa jasho.

Anza na jaribio la nailoni. Panguza ukuta kwa kitambaa mpaka ukauke juu juu, bandika kipande cha nailoni kama futi 2 kwa 2, uzibe pande zote nne na selotepu pana hewa isipenye, uache mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani, ulioshikana na ukuta, maji yatoka ukutani. Ukikuta nailoni imetoa jasho upande wa chumbani basi ni hewa. Lakini huo unga mweupe wako tayari wanieleza jambo. Ni chumvi. Maji yapita ndani ya jiwe na simenti, yabeba chumvi, yakifika upande wa chumbani yakauka na chumvi yabaki. Jiwe letu la matumbawe lina vitundu kwa hivyo lanywa maji upesi, hasa likiwa halikuwekewa nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu. Jasho la hewa peke yake haliachi unga namna hiyo.

Baadae angalia na kalenda. Ukuta ukizidi kulia siku za bamvua na ukipungua maji mafu, bahari imo, na bamvua letu si dogo, kati ya maji kujaa na maji kupwa tofauti yapita mita 3. Ukizidi baada ya mvua ni mteremko. Ukiwa ni ule ule kaskazi na kusi, mvua na jua, tafuta kitu kilichofukiwa. Wewe umesema mvua hakuna na ukuta una maji. Je sakafu yako iko juu ya maji ya bamvua kwa kimo gani, na tangi lenu la maji liko wapi? Na septiki?

MtotoWaTudor:
Shukran sana mzee wangu. Sakafu iko juu sana, kutoka mlango wa besmenti mpaka kwenye mikoko ni ngazi nyingi za kuteremka, bahari haifiki hata bamvua kubwa. Septiki iko ubavuni upande wa kulia. Tangi... tangi liko mbele chini ya pale tunapoegesha gari, yaani sasa ndio nawaza, ni hapo hapo nyuma ya huo ukuta.

Injinia_Mstaafu:
Lijaze jioni mpaka juu. Funga bomba la kuingiza, zima pampu, watu watumie maji ya tangi la juu usiku huo. Weka alama ya chaki kwenye ukuta wa tangi usawa wa maji, ufunike, uangalie asubuhi. Tangi lililofunikwa halipungui kwa jua, kwa hivyo likishuka lavuja. Na ukiwa na jirani mwenye kisima ana kile kimita cha kupima chumvi ya maji, chukua matone ya nyuma ya ile nailoni kama yatatosha upime, maji ya bomba na maji ya kisima hayalingani chumvi, ingawa ukumbuke chumvi ya ukuta yenyewe yaweza kukuchanganya.

Na septiki ijaribu pia. Rangi ya chakula nyingi chooni, uvute maji, siku zifuatazo uangalie kama ukuta umebadilika rangi au wanuka.

Ghuba87:
Mi naona mwajitesa bure, Mombasa watu hujenga juu si chini. Piga ghorofa moja juu ya slabu, upepo wa bahari bure, hakuna unyevu, biashara imeisha.

MtotoWaTudor:
@Ghuba87 tuliliwaza hilo kaka. Juu ni mabati na mbao, si slabu, na ile nyumba haikujengwa na nguzo za kubeba ghorofa nyingine. Injinia mmoja alipiga hesabu ya kutia nguzo mpya kutoka chini, pesa yake twajenga nyumba nyingine. Chini ukuta tayari upo, slabu ipo, paa lipo.

MkaaziMinnesota:
Salam kutoka Minnesota, Marekani, mi mzaliwa wa Majengo. Nichangie manake huku besmenti ndio maisha, karibu kila nyumba inayo, na watu wengi wazigeuza vyumba. Lakini mjue kwa nini zipo. Huku ardhi hugandia, na msingi lazima uchimbwe chini ya pale baridi inapofika la sivyo barafu ya ardhini itauinua, sheria ya jimbo hili yataka inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini. Sasa mtu ameshachimba futi 5 anaona heri amalizie futi 3 zingine apate chumba kizima. Huko kwetu ardhi haigandi kamwe kwa hivyo hakukuwa na sababu ya mtu kuchimba, ndio mana mafundi wengi wa pwani hawana mazoea na ukuta uliozikwa, si ujinga, ni kazi ambayo haiji kila siku. Yako wewe imekuja kwa sababu ya mteremko.

Kitu ambacho nataka mkichukue kutoka huku ni dirisha la kutokea. Chumba cha kulala cha besmenti lazima kiwe na dirisha au mlango wa kukimbilia nje moja kwa moja, mbali na njia ya kawaida. Kanuni inayotumika sana huku yasema uwazi wa dirisha likiwa limefunguliwa uwe si chini ya mita mraba 0.53, upana inchi 20 kwenda juu, urefu inchi 24 kwenda juu, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni ili hata mtoto au mzee aweze kupanda, na lifunguke kwa mkono bila ufunguo. Sababu ni moto. Moto ukianza karibu na mlango aliyelala ndani ana dakika chache na moshi ushajaa. Sasa wewe wasema kuna mlango mmoja na vidirisha viwili, na najua Mombasa madirisha yote yana grili za chuma zilizochomelewa. Tafadhali sana. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha kubwa upande wa kriki na grili yake iwe na bawaba ifunguke kwa ndani bila ufunguo. Hili silisemi kwa kujua kwingi, nalisema kwa sababu ni roho za watu.

Pia usiige insulesheni za huku ukiona kwenye video. Huku wanapambana na baridi ya nje, wanabandika maplastiki na sufi ukutani. Ukiyaweka Mombasa utakuwa umefungia unyevu ndani ya ukuta.

MamaWawili:
Hapo kwa roho za watu niongeze moja na naomba lisipitwe. GESI. Mtungi wa gesi usikae huko chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, yateremka yatambaa sakafuni kama maji yatafuta pahali pa chini ikae. Nyumba ya juu ikivuja yaweza kutokea mlangoni, besmenti ikivuja yabaki pale pale yangoja mtu awashe swichi. Na hata mtungi ukiwa juu ukavuja karibu na ngazi ya ndani yaweza kuteremka chini kwa waliolala. Mtungi uwekwe nje upande wa kriki penye upepo, kwenye kibanda chenye matundu chini, paipu iingie jikoni na koki yake ndani. Na jiko la makaa ndani marufuku hata siku ya mvua, jenereta vilevile, ule moshi usioonekana wa makaa huua watu wamelala.

BintiKizingo:
@MamaWawili Allah akulipe, hili sikuliwaza kabisa.

DukaLaVifaa:
Mimi nauza vifaa vya ujenzi nataka kusema ukweli kuhusu hiyo "dawa ya kuzuia maji" aliyoitaja fundi manake kila siku watu waja dukani waniulize dawa ya ukuta unaolia, wachukua ndoo ya rangi ya mpira au lami wapaka upande wa NDANI, miezi michache warudi wamekasirika. Zile za mpira na lami zimetengenezwa zipakwe upande maji yanakotoka, yaani nje, maji yakisukuma yazidi kuzibana kwenye ukuta. Ukipaka ndani maji yaja kwa nyuma yazisukuma zitoke, zafanya malengelenge zabambuka. Na nguvu ya maji si ya kudharau, yakisimama nyuma ya ukuta kwa kimo cha mita 1 pale chini yasukuma kwa uzito wa kama tani 1 kwa kila mita mraba. Kuna aina nyingine za unga zinazochanganywa kama simenti, zinashika na jiwe zaingia kwenye vitundu, hizo zaweza kustahamili maji ya nyuma kidogo, lakini hata hizo ni za kusaidia tu. Napoteza mauzo kwa kusema hivi lakini mteja akirudi ameridhika ndio biashara.

Fundi_Likoni:
Mimi ni fundi na sitaki mafundi wote watiwe kapu moja. Fundi mwenzangu amekwambia wiki tatu kwa sababu ndicho wateja wanachotaka kusikia, ukimwambia mteja achimbe nje kwanza ataenda kwa mwingine. Ukimpa kazi kwa hatua na ukamlipa kwa hatua atafanya sawa. Halafu hizo futi 7 na inchi 4, ukitia tailsi na siling'i zapungua mpaka kwenye 7, feni ya juu haiingii hapo, mtu mrefu akinyoosha mikono yamkata. Mnafikiria kuchimba sakafu ishuke kidogo?

MtotoWaTudor:
Ndio tulifikiria kushusha futi moja hivi. Fundi alisema rahisi.

Injinia_Mstaafu:
USICHIMBE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Hujui msingi wa ukuta umekaa kimo gani. Ukishusha sakafu ukafika usawa wa chini ya msingi au ukapita, ule udongo uliokuwa umeushikilia usiteleze haupo tena, na ukuta wako wa nyuma umeegemewa na udongo wote wa barabarani, na mama yako yuko juu. Kuna njia ya kushusha kwa usalama, wachimba vipande vya kama mita 1 kwa kupishana, wamwaga zege mpya chini ya msingi wa zamani, wangoja ikauke ndio waenda kipande kingine, lakini hiyo ni kazi ya injinia wa majengo aliyesajiliwa na michoro yake, si ya maneno. Futi 7 na inchi 4 zatosha. Acha siling'i, piga rangi nyeupe slabu yenyewe, feni za ukutani.

Na ukishaangaza macho juu, iangalie hiyo slabu kwa makini kabla ya rangi. Chukua nyundo ndogo uigonge kote. Ikilia kwa sauti ngumu iko sawa, ikilia wazi kama kuna uvungu zege imeachana na chuma. Angalia mistari ya kutu na mipasuko inayofuata nondo. Nyumba nyingi za pwani zilijengwa na mchanga wenye chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu nondo zala kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, yafura yapasua zege kutoka ndani. Besmenti yenye unyevu wa miaka ndipo pahali pake. Ukiona hayo simamisha kila kitu umwite injinia, manake hapo hatuzungumzi tena chumba cha bwana harusi, twazungumza nyumba nzima.

MtotoWaTudor:
Habari zenu tena, nimerudi na majibu. Nailoni ilikuwa na matone upande wa ukutani, upande wa chumbani kavu. Tangi tulilijaza tukaweka alama, asubuhi maji yameshuka zaidi ya kiganja na hakuna mtu aliyechota hata kata moja. Rangi ya chooni haikutokea popote na ukuta haunuki. Slabu niliigonga kote na mjomba, ni ngumu isipokuwa kona moja karibu na ukuta huo huo yalia uvungu kama upana wa meza, na kuna mstari wa kutu. Mama aliposikia kwamba maji aliyokuwa akiyalipia ndiyo yaliyokuwa yaingia ukutani miaka yote alinyamaza muda mrefu.

Kibokoni_Kwetu:
Subhanallah. Na mji huu maji ni ya mgao, watu wanunua boza na jerikeni, na yaishia ukutani.

Injinia_Mstaafu:
Alhamdulillah mmejua. Sasa sikiliza utaratibu.

Kwanza tangi. Mlitoe maji yote, mlikague nyufa, lipigwe simenti mpya ndani na dawa iliyoandikwa ni salama kwa maji ya kunywa. Lakini mtu asiingie kwenye tangi hivi hivi. Fungua mfuniko mapema sana, ingiza hewa na feni, asiingie mtu peke yake, na aliye nje asiingie kumfuata mwenzake akianguka, apige kelele aite watu na wamvute kwa kamba aliyofungwa tangu mwanzo. Hewa ya tangi lililofungwa yaweza kukosa oksijeni na haina harufu ya kukuonya.

Pili, usishangilie tangi ukasahau mvua. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 mwakumbuka barabara zilivyokuwa mito. Mteremko wenu unapokea maji ya barabarani, na nyuma ya ukuta hakuna njia ya kuyatoa. Hapa ndipo Mungu amewapa neema ambayo mtu wa kiwanja cha sawa hana. Mna mteremko. Mchimbe nje ya ukuta, kwa vipande si wote mara moja, mpaka karibu na msingi lakini msipite chini yake, muusafishe ukuta, mpige plasta na dawa upande huo wa nje kama alivyosema ndugu wa duka, mlaze paipu yenye matundu ndani ya kokoto iliyofunikwa kwa kitambaa cha kuchujia ili udongo usiizibe, na paipu izunguke nyumba itokee upande wa kriki kwa mteremko wake yenyewe. Haina pampu. Ndugu yetu wa Minnesota atawaambia wao hutia shimo na pampu chini ya sakafu, na umeme ukikatika wakati wa mvua ndio pampu yalala, na hapa kwetu mvua na kukatika kwa umeme huja pamoja. Maji yakijiendea yenyewe huna wasiwasi usiku.

Tatu, ngoja. Ukuta wa matumbawe uliokunywa maji miaka haukauki wiki mbili. Gogoeni plasta yote ya zamani iliyochanganyika na chumvi, acheni jiwe wazi, feni na madirisha wazi kaskazi hii, masika ipite juu yake muone. Mwezi wa tano ndio mtihani, huo ndio mwezi wetu wa mvua nyingi.

MkaaziMinnesota:
Kweli mzee, huku bima yenyewe huuliza habari za pampu. Mkiwa na mteremko tumieni mteremko.

MzeeWaMjiWaKale:
Kwa plasta ya ndani nawashauri chokaa badala ya simenti. Nyumba za Mji wa Kale kuta zake ni matumbawe na chokaa, zina unyevu wa bahari kila siku na zimesimama kwa sababu chokaa yaacha maji yatoke polepole, ukuta wapumua. Zile zilizopigwa simenti juu ya matumbawe ndizo mnaziona zinamenyuka vipande vipande, simenti ni ngumu haipitishi, maji yakwama nyuma yake na chumvi yaisukuma. Na rangi ya juu iwe ya chokaa au ile isiyofunga ukuta, si ya mafuta. Ni kazi zaidi na mafundi wa chokaa si wengi, lakini wapo, waulizeni wanaokarabati nyumba za zamani.

BintiKizingo:
Na vyumba viwekeni upande wa kriki, ule upande wa ukuta uliozikwa iwe bafu, stoo na kijia. Kitanda na kabati zisiegemee ukuta huo. Kama mna nafasi jengeni ukuta wa pili mwembamba wa tofali mbele yake uache uwazi wa kiganja na kimfereji chini, hata ukitoa jasho hayamfikii mtu. Kabati ziwe za mbao ngumu au aluminiamu, zenye miguu.

Swali la AC: itasaidia?

Injinia_Mstaafu:
AC yakausha hewa, yasaidia, lakini iwekwe 25 au 26 na milango ifungwe. Ukiishusha 18 halafu mlango wazi, hewa ya nje yenye maji yaingia yakutana na tailsi baridi, sakafu yaloa watu wateleze. Wazo la ukuta wa pili ni zuri sana. Uache matundu juu na chini yake upate hewa.

Wakili_Mtaani:
Habari ya vibali hamjaigusa. Kugeuza stoo kuwa makazi ni kubadilisha matumizi ya sehemu ya jengo, na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 yataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Peleka michoro ya msanifu na injinia waliosajiliwa. Kanuni za taifa za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, kwa hivyo ukiambiwa vipimo vya dari, madirisha au hewa uliza vimetoka kwenye kanuni zipi. Na kontrakta awe amesajiliwa na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Najua wengi hufanya kimya kimya, lakini nyumba ni ya wazee, siku ya mirathi au ya kuuza karatasi zitaulizwa, na jirani mmoja akilalamika kazi yasimamishwa katikati na shimo liko wazi nje.

MamaWawili:
Hilo shimo na mfereji pia yafunikwe kwa wavu, maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Mji huu umepata dengi na chikungunya, na wale mbu wauma mchana.

MtotoWaTudor:
Tumekaa kikao cha familia jana baada ya isha. Mdogo wangu na bibi yake wataanzia chumba cha juu, mama amekubali na shangazi amesema atahamia kwa binamu kwa muda kupisha. Tangi laanza kutengenezwa wiki hii, injinia aja kuangalia ile kona ya slabu, msanifu aanza michoro ya kaunti. Plasta ya ndani hakuna kugusa mpaka masika ipite. Fundi tumemwonyesha uzi huu, akasoma wote, akasema kazi ya nje ataifanya.

Limebaki moja. Choo. Septiki iko ubavuni na mdomo wake naona uko juu kuliko sakafu ya besmenti. Maji ya choo cha chini yatapandaje?

Fundi_Likoni:
Hayapandi kaka. Ukilazimisha siku septiki ikijaa uchafu wote warudi chumbani kwao, kwenye shimo la bafu kwanza. Una njia mbili. Ya kwanza utie kijitangi na pampu ya kusaga uchafu na kuusukuma juu, na valvu ya kuzuia usirudi, lakini pampu yataka umeme na kusafishwa. Ya pili ujenge septiki ndogo mpya upande wa chini, mbali na ukuta, mbali na kisima chochote cha jirani. Mimi nachagua ya pili kama kiwanja chatosha.

Injinia_Mstaafu:
Nami nachagua ya pili, kwa sharti shimo la kunyonya lisiwe karibu na kriki, ardhi ya matumbawe ina njia za ndani na uchafu wafika baharini haujachujwa, hapo mikokoni watu wavua samaki na kamba. Msanifu aichore kwenye michoro ile ile ya kaunti, isiwe kitu cha kuongezwa baadae. Kabla ya hapo pima kutoka mlango wa besmenti mpaka mpaka wa kiwanja chenu kwa chini, uniandikie hapa ni mita ngapi na mteremko ukoje, ndio tujue kama yatosha.

MtotoWaTudor:
Kesho asubuhi nashuka na mjomba na utepe wa kupimia. Picha za ile kona ya slabu pia nitaziweka hapa injinia akishaigonga.